Mtu hazaliwi na koneksheni: Jinsi ya kujenga jina la kazi kwa simu yako

Mhitimu anatuma maombi ya kazi thelathini kwa barua pepe. Majibu hayaji. Baadaye anasikia nafasi mojawapo imechukuliwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Hapo ndipo inapotoka ile kauli ya mjini: bila koneksheni hutoboi.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila wengi wanaielewa vibaya. Wakisikia koneksheni wanafikiria mjomba aliyeko wizarani au shangazi aliyeko benki. Asiye na mjomba wala shangazi wa namna hiyo anajiona yuko nje ya mchezo kabla haujaanza.

Utafiti wa zaidi ya miaka 50 sasa unaonyesha jambo jingine. Mara nyingi anayeleta habari ya kazi si ndugu wala rafiki wa karibu. Ni mtu mnayefahamiana kidogo tu. Na watu wa aina hiyo wanaweza kupatikana kwa simu, ikitumiwa kwa akili.

Kwa nini mtu wa mbali ndiye mwenye mchongo

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti alioufanya katika mji wa Newton, karibu na Boston. Aliwauliza watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni: aliyekupa habari ya kazi hii ulikuwa ukionana naye mara ngapi?

Kati ya waliopata kazi kupitia watu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja. Asilimia 27.8 walikuwa wakionana naye kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Alipowauliza kama huyo ni rafiki yao, wengi walimsahihisha: ni mtu wanayefahamiana naye tu.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ndugu na marafiki wa karibu wanaishi dunia moja. Wako kwenye kundi moja la WhatsApp, wanasikia matangazo yaleyale, na pengine wote wanatafuta kazi kwa wakati mmoja. Mtu wa mbali anatembea na watu wengine, anakaa ofisi nyingine, anasikia habari ambazo huku hazijafika.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa zaidi wa jambo hilohilo. Watafiti wa LinkedIn na wa vyuo vikuu vya Marekani walifuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao huo kwa miaka mitano. Matokeo yalikaribiana na yale ya Granovetter, yakiongeza jambo moja: waliosaidia zaidi ni watu wa katikati. Si rafiki wa chanda na pete, na si mgeni kabisa. Ni mtu ambaye mna marafiki kama kumi wa pamoja.

Kwa kijana wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, watu wa katikati ni wengi kuliko anavyodhani. Yupo msimamizi wa mafunzo kwa vitendo aliyemwelekeza wiki nane. Wapo waliosoma chuo kilekile wakamaliza miaka miwili mbele. Yupo aliyekaa naye JKT, mfanyakazi mwenzake wa kibarua cha zamani, na yule dada wa kwaya au kaka wa kamati ya msikiti ambaye kazini ni mhandisi.

Shida ni kwamba watu hawa hupotea. Namba inabadilika, simu inaibiwa, mwaka unapita. Faida kubwa ya mitandao ya kijamii kwenye mambo ya kazi ni hiyo: kuwaweka watu wa namna hii karibu bila kuwasumbua.

"Chema chajiuza" haifanyi kazi kama zamani

Wengi wanakwama kwenye aibu. Wamelelewa na methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akianza kuposti kazi zake anaogopa ataonekana anajisifu, au wenzake watamcheka kwenye komenti.

Methali hiyo ilifaa sana sokoni, ambako mnunuzi alipita mbele ya meza na kuuona mzigo kwa macho yake. Mwajiri aliyeko Arusha hapiti mbele ya meza ya mbunifu aliyeko Iringa. Chema ambacho hakijawekwa mezani hakuna atakayekijua.

Kuna tofauti kati ya kujisifu na kuonyesha. Mbunifu anayeandika "mimi ni mbunifu mahiri na mchapakazi" anajisifu. Anayeweka picha ya nembo na kueleza kwamba mteja ni mwenye duka la nafaka aliyetaka isomeke hata ikichapwa kwenye gunia, huyo anaonyesha. Wa kwanza anataka aaminiwe. Wa pili amempa msomaji kitu cha kujipimia mwenyewe.

Karibu kila fani ina kitu cha kuonyesha. Mhasibu anaweza kueleza makosa matatu ya risiti yanayowagharimu wenye maduka. Fundi umeme anaweza kuweka picha ya nyaya kabla na baada ya matengenezo, na kusema kwa nini zile za kwanza zingeleta moto. Mwalimu anaweza kuonyesha namna anavyofundisha sehemu kwa kutumia chungwa. Dereva wa malori anaweza kueleza nyaraka zinazohitajika mpakani.

Tahadhari ni kwamba siri ya mwajiri na ya mteja haipostiwi. Muuguzi hapigi picha wodini ikaonyesha mgonjwa. Mhasibu haweki skrini yenye hesabu za kampuni. Jina la kazi linalojengwa kwa siri za watu hubomoka siku moja.

Profaili: mtu anaamua haraka

Mtu akitumiwa jina, jambo la kwanza ni kulitafuta mtandaoni. Anachokikuta hapo kinampa picha kabla hata ya kufungua CV.

Picha si lazima ipigwe studio. Inatosha uso uonekane, mwanga uwe mzuri, nguo ziwe zile ambazo mtu angevaa siku ya usaili. Picha ya harusini iliyokatwa, mkono wa mtu mwingine ukiwa begani, haifai. Selfi ya ndani ya gari nayo haifai.

Kinachofuata ni mstari ulio chini ya jina. Kwenye LinkedIn mstari huo una nafasi ya herufi 220, na wengi wanaiacha bure kwa kuandika "mhitimu" au "natafuta kazi". Hayo hayamwambii mtu lolote. Mfano mzuri ni kama huu: "Mhasibu wa biashara ndogo. Ritani za kodi, mishahara na hesabu za duka. Mwanza." Maneno machache tu, na msomaji ameshajua kazi, aina ya mteja na mahali.

Lugha nayo huwachanganya watu. Kanuni nyepesi ni kuandika kwa lugha ambayo kazi inafanyikia. Anayetafuta kazi kwenye shirika la kimataifa ataandika Kiingereza. Fundi, mshereheshaji au mtafsiri anayehudumia wateja wa mtaani atafika mbali zaidi kwa Kiswahili. Kiingereza cha kunakili chenye makosa humwangusha mtu kuliko Kiswahili fasaha.

Mambo ya kwenye profaili na ya kwenye CV yafanane. Miaka ikitofautiana, mwajiri hatauliza. Ataruka kwenda kwa mwingine. Na jina la akaunti liwe la mtu kweli. Jina la utani la sekondari linachekesha marafiki, lakini halipendezi kwenye barua ya kazi.

Kila mtandao na soko lake

LinkedIn, uliozinduliwa mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016, ndio mtandao wa kazi hasa. Waajiri wa kampuni kubwa, mabenki na mashirika ya maendeleo huwatafuta watu humo. Ni soko zuri kwa wahasibu, wahandisi, wanasheria, watu wa teknolojia na wa miradi.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia humo. Mtandao huo una alama ya kuonyesha kwamba mtu yuko tayari kwa kazi mpya. Inaweza kuonekana na kila mtu, au na wanaoajiri peke yao. Aliye kazini achague ile ya pili, na hata hivyo mtandao wenyewe hauahidi kwamba bosi hataijua kabisa.

WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ni ya wenye huduma na bidhaa: fundi, mshonaji, mpishi wa shughuli, mwenye duka. Ina sehemu ya kuweka orodha ya bidhaa na bei, saa za kazi na majibu ya haraka. Faida yake ni kwamba mteja tayari yuko humo na bando lake ni dogo. Picha tatu za kazi ya wiki kwenye status zinatosha. Status 25 kwa siku zinamfanya mtu anyamazishwe.

Instagram inafaa kazi zinazoonekana kwa macho: upigaji picha, urembo, mapambo, ujenzi, mitindo. X ni mahali pa waandishi wa habari, wachambuzi, wanasheria na watu wa sera, kwa sababu mjadala ndio unaomwonyesha mtu anajua nini.

Hakuna haja ya kuwa kila mahali. Akaunti moja inayohudumiwa inashinda nne zilizolala tangu mwaka juzi.

Ule utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha pia kwamba watu wa mbali husaidia zaidi kwenye sekta zinazotumia sana teknolojia. Kwenye sekta ambazo hazijafika huko, watu wa karibu ndio wenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mtaalamu wa programu za kompyuta atapanua wigo LinkedIn, lakini fundi bomba asiidharau ile namba ya mteja wake wa mwisho. Mteja huyo akimsambaza kwenye kundi la mtaa, ni zaidi ya tangazo.

Ujumbe wa kwanza ndio unaofungua au kufunga mlango

Wengi wanaomwandikia mtu wasiyemjua huanza na neno moja: "Mambo". Kisha wanasubiri. Mpokeaji mwenye kazi nyingi hajibu, kwa sababu hajui anaulizwa nini. Wengine huruka upande wa pili: "Bosi naomba kazi yoyote ile nipo tayari." Huyu naye hajibiwi. Kazi yoyote ile haipo kwenye ofisi ya mtu yeyote.

Ujumbe unaojibiwa huwa na mambo manne: salamu, mwandishi ni nani na wamefahamiana wapi, swali moja dogo, na shukrani. Kwa mfano:

"Shikamoo Bi. Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye idara yenu mwaka jana, kitengo cha stoo. Nimemaliza chuo mwezi wa saba. Naomba kuuliza jambo moja: kwa mtu anayeanza kwenye ununuzi na ugavi, ungemshauri aanze na mitihani ya bodi au atafute kwanza uzoefu? Hata jibu fupi litanisaidia. Asante sana."

Hapo hakuna ombi la kazi. Kuna ombi la ushauri, ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni ya daladala. Akishajibu, ameshamkumbuka. Nafasi ikitokea mwezi wa tatu, jina lipo kichwani.

Heshima nayo ipimwe. Kwa mtu mzima, shikamoo haijawahi kumharibia mtu, hata LinkedIn. Kwa rika moja, "habari za kazi" inatosha. "Mkuu", "boss" na "mwanangu" ziachwe mpaka mtakapozoeana.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kurudisha jibu. Aliyepewa ushauri arudi baada ya wiki chache aseme alichofanya nao: "Nilijiandikisha kwenye mtihani kama ulivyosema." Wanaorudi ni wachache, ndiyo maana wanakumbukwa.

Kutoa kabla ya kuomba

Anayeonekana siku ya shida tu huchosha. Mitandao inampa mtu njia nyingi za kuwa na faida kwa wengine hata kama hana cheo.

Akiona tangazo la kazi isiyomfaa yeye, anaweza kumtumia anayefaa. Mtu akipandishwa cheo, pongezi ya sentensi mbili inayotaja kazi aliyoifanya ina uzito kuliko ile ya kubonyeza kitufe. Mtu akiuliza swali kwenye kundi la fani, jibu lenye maelezo linasomwa na watu wengi ambao hawakuandika chochote. Wasomaji wa kimyakimya ndio mara nyingi hupiga simu baadaye.

Hata komenti ni kazi. "Safi sana" haimjengi mtu. Mhandisi anayeongeza, kwa heshima, kwamba hesabu ile inabadilika kwenye udongo wa mfinyanzi, ameonyesha ujuzi wake bila kujisifu.

Mlango uliofunguliwa huingiwa na matapeli pia

Anayetangaza kwamba anatafuta kazi anaonekana na waajiri, na pia na wezi. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwatahadharisha raia wake kuhusu matangazo ya kazi za Thailand yaliyokuwa yakisambaa mitandaoni. Baadhi ya waliosafiri walijikuta wamevushwa hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni.

Wizi wa karibu ni wa kawaida zaidi. Ujumbe unakuja na nembo ya kampuni kubwa, pongezi, na mshahara mnono. Kisha inatakiwa pesa kidogo: ya fomu, ya kipimo cha afya, ya sare, ya "kufungua faili". Inatumwa kwa namba ya mtu binafsi. Baada ya hapo simu haipatikani.

Njia za kujikinga ni hizi:

- Kazi inayodai pesa kabla ya kuanza iachwe, hata kama kiasi ni kidogo.
- Tangazo lihakikiwe kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe. Kwa nafasi za serikali ya Tanzania zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi hupitia Ajira Portal na si WhatsApp ya mtu.
- Cheti na kitambulisho visipostiwe wazi. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe, na ndiyo inayosajili laini ya simu. Anayefurahia kuhitimu anaweza kuposti picha ya joho, namba ya cheti akaiacha nyumbani.
- Anayeahidi kazi ya nje ya nchi aulizwe jina la kampuni, mkataba na aina ya viza. Akiharakisha au akikasirika, jibu limeshapatikana.
- Safari isianze kabla ndugu mmoja hajajua jina la mwajiri, mji na namba za kupiga.

Ratiba ya nusu saa kwa wiki

Kinachowashinda wengi ni kuanza kwa kishindo. Wiki ya kwanza wanaposti kila siku, wiki ya tatu wamepotea. Nusu saa kwa wiki, ikifuatwa mwaka mzima, inafika mbali kuliko hapo.

Dakika kumi ni za kuposti kitu kimoja kilichofanywa au kujifunzwa wiki hiyo. Dakika kumi ni za kusoma posti za wengine kwenye fani na kuacha komenti mbili zenye maana. Dakika kumi zilizobaki ni za kumsalimia mtu mmoja wa zamani bila kumwomba kitu.

Hesabu ya mwisho ni nyepesi. Mtu mmoja kwa wiki ni watu 52 kwa mwaka. Hata nusu yao wakikaa kimya, wanabaki 26 wanaojua huyu mtu anafanya nini na yuko mji gani. Miongoni mwao kila mmoja ana ofisi yake, kundi lake la WhatsApp, na bosi ambaye siku moja atauliza, "Hivi kuna mtu mnamjua anaweza kazi hii?"

Mitandao haitamfanya mtu asiyejua kazi aijue, na haiondoi upendeleo pale ulipo. Lakini swali hilo la bosi huulizwa kila siku, na linajibiwa kwa majina yaliyo karibu na ulimi. Kwa asiye na mjomba wizarani, kumwandikia huyo mtu mmoja wiki hii ni pa kuanzia.